Uzoefu wangu na mieleka ya WWE: hasira za Kofi mmeziweka wapi?

Naandika nikiwa na hasira na wala sitaki kuzificha. Kifurushi cha king'amuzi chenye mieleka nimekilipia miaka, kuna miezi nimekilipia kwa pesa ya karafuu kabla sijanunua hata mchele, na mtu akiniuliza leo hii alipie au asilipie mie namwambia asilipie. Akanunue samaki. Habari ya picha kukatika mvua ikinyesha au bei ya mwezi sina haja ya kuieleza, hiyo nenda kwa wakala yeyote atakwambia. Langu mie ni moja tu: hawa watu wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, wanaotuonesha mle ulingoni hawana kumbukumbu. Mtu anadhalilishwa mbele ya dunia nzima wiki hii, wiki ijayo anatoka anacheka na kurusha mikono, na sie tuliolia nae tunabaki kutizamana.

Nyumbani kwetu hapa Wete tunaotizama ni wawili, mie na bibi yangu. Bibi Kizungu hajui hata neno, kwa hiyo mkalimani ndo mie, wakishika maiki wakianza kutambiana mie nafasiri, yeye yuko kwenye mkeka kajitanda kanga yake, tasbihi mkononi. Kila akitokeza mtu ananiuliza suala lile lile, "Huyu ana nini na mwenziwe?" Nikiwa na jibu atatizama mpaka mwisho. Nikisema sijui, bibi basi tena, anajilaza ubavu. Na ana haki, maana yeye ndie alietutolea ngano watoto wote wa nyumba hii, paukwa pakawa, na fisi wake akisukumwa kisimani hatoki mle akicheka, anatoka anamtafuta sungura.

Sasa bibi katika wote wale kampenda mmoja, Kofi Kingston. "Kijana wetu", ndo anavyomwita, tokea siku nilipomwambia huyu kazaliwa Ghana, Mwafrika kama sie. Na hapo hapo ndo pana kosa la mwanzo, kwa sababu Kofi alipoingia kwenye TV ya WWE mwaka 2008 walimtoa kama mtu wa Jamaica. Lafudhi ya Jamaica, muziki wa Jamaica, kila kitu. Kufika 2009 ghafla lafudhi imepotea na mtangazaji anasema huyu katokea Ghana, na hadithi yenyewe haikutolewa, yaani kwa nini alijiita vile na kwa nini sasa kaacha. Hebu fikirieni, mtu kafichwa kwao halafu karudishiwa kwao, hiyo peke yake ilikuwa inatosha mwaka mzima, nao wameipita kama gari ya shamba inavyopita kituo kisicho na mtu.

Haya, hilo nililisamehe kwa sababu ya 2019. Mwezi wa 2 mwaka ule Kofi hata hakuwemo kwenye mpango wa kugombea mkanda, kaingizwa badala ya Mustafa Ali alieumia, akapigana zaidi ya saa nzima usiku mmoja, akitoka huyu anaingia yule, mpaka watu ukumbini wakaanza kumuimba. Vince McMahon mwenye kampuni, kwenye hadithi, ndo akawa anamzuia, kila Kofi akifaulu mtihani anatungiwa mwengine, na huku ana miaka 11 mle ndani bila ya mkanda mkubwa, ule wa ubingwa. Bibi akamchukia McMahon kama anavyomchukia mtu aliesogeza mpaka wa shamba. Usiku wa WrestleMania, onesho lao kubwa la mwaka, tarehe 7 mwezi wa 4 kule Marekani, kwetu ilikuwa inakaribia adhana ya alfajiri, Kofi akamlaza Daniel Bryan aliekuwa na mkanda, refa akapiga tatu, watoto wa Kofi wakapanda ulingoni kumkumbatia baba yao. Bibi kajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, machozi yanamtoka, ananiambia, "Mshukuru Mungu mume wangu, kijana wetu kapata." Mwaka huo huo Kofi akenda Ghana na mkanda wake. Lau ningeandika maoni wakati ule ningewapa nyota zote wanazo na za kwangu juu.

Miezi sita haijatimia vizuri, tarehe 4 mwezi wa 10, siku ambayo SmackDown, kipindi chao cha kila wiki, ilikuwa inahamia stesheni mpya kule kwao na walitaka kishindo, wakamletea Brock Lesnar wagombanie mkanda. Sie tumekesha tena. Bibi kachemsha chai ya tangawizi, kaiweka pembeni, yuko tayari. Kengele ikalia. Tasbihi ikamponyoka, akainama kuiokota chini ya mguu wa meza, alipoinua kichwa Lesnar keshashika mkanda. Sekunde kumi hazikufika. Kofi karuka, kadakwa mabegani, kazungushwa, kabwagwa, kwisha. Bibi akaniuliza, "Washaanza?" Nikamwambia, "Washamaliza bibi." Akanitizama kama kwamba mie ndie nilieficha kitu.

Na nisikilizeni vizuri, kushindwa si neno. Lesnar ni jitu, kila mtu anajua, Kofi angepigwa dakika ishirini, angetolewa ulimi, sie tungelia na tungekubali. Hata hizo sekunde pia ningezikubali. Lililoniuma mie ni la baada yake. Kofi hata hajakaa sawa, hapo hapo wakamtoa Cain Velasquez, mpiganaji mwengine, kuja kumkabili Lesnar, na ikawa yule alievuliwa mkanda ni kama ndoo iliyosogezwa njiani watu wapite. Wiki zilizofuata bibi anakaa mkekani mapema kuniliko mie. Anamsubiri kijana wetu aje aseme. Aje na uso wa uchungu, adai marudiano, alie, avunje kiti, au hata akae kimya tu ulingoni kimya cha mtu alieumia. Akatoka Kofi na nguo zake za rangi rangi, anarukaruka na wenziwe wa New Day, kundi lake, wale wa kurushia watu chapati za maji, anacheka meno yote nje, mwezi wa 11 wakachukua mikanda ya watu wawili wawili na maisha yakaendelea. Marudiano na Lesnar, mtu na mtu, hakupewa.

Bibi akanambia, "Sasa hasira zake kaziweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Wallahi nilifungua mdomo na sikuwa na jibu, mie mkalimani. Bibi akajilaza ubavu.

Baada ya hapo nikenda mjini kulipia mwezi mwengine, sikumbuki ilikuwa kabla ya Maulidi au baada, na kwa uchungu niliokuwa nao nikamweleza yule kijana wa wakala kwamba mie nalipa lakini moyo haupo, kwa sababu hivi na hivi. Akacheka mbele ya foleni. "Mtu mzima wewe unawalilia watu wanaojifanya wanapigana? Si maigizo yale?" Watu nyuma wakacheka nao. Nikalipa, nikaondoka, na mpaka leo nikipita njia ile natizama upande wa pili. Hakuniuliza hata nahitaji risiti.

Kwani mie sijui kama ni maigizo? Nani asiejua? Ndo maana nataka maigizo yenyewe yawe ya maana. Mpira mtu akifungwa saba hakuna mwandishi wa kumlaumu, lakini mle kuna watu wamekaa kwenye chumba wanalipwa mshahara kuandika nani afanywe nini na ajisikie vipi baadae. Sasa wakiandika kupigwa wakasahau kuandika kuumia, mie niliekesha na mwanamke wa miaka ile, nisiseme? Maana hata kwenye mabanda ya video tulikokulia sote tulijua steringi ni nani na adui ni nani, na steringi akiuliwa nduguye mwanzo wa picha, mwisho wa picha atataja jina la nduguye kabla hajapiga risasi. Mtoto wa miaka saba analijua hilo.

Na wanaweza, ndo kinachonitia wazimu zaidi. Undertaker na Kane walifanyaje? Mwaka 1997 yule Paul Bearer, aliekuwa meneja wa Undertaker, alianza maneno maneno tu kwamba Undertaker ana ndugu yake, walidhani kafa kwenye moto, yuko hai. Kila wiki neno moja. Mwezi wa 10 Kane akaja na kinyago chake, akaung'oa mlango wa kizimba, na Undertaker akakataa kumpiga ndugu yake, akakataa tena, mpaka alipotiwa kwenye jeneza likachomwa moto, ndo wakapigana WrestleMania ya 1998. Sie kanda zilitufikia zimechelewa na zimekwaruzika na bado tuliijua hadithi ile kama tunavyowajua majirani. Na juzi juzi hapa, Roman Reigns na jamaa zake, mkanda alikaa nao siku 1,316, na ndani yake kila mtu ana donda lake. Sami Zayn miezi anataka apendwe na ukoo ule, kisha mwezi wa 1 mwaka 2023 anapewa kiti ampige nacho rafiki yake Kevin Owens, anakizungusha, anampiga Roman mgongoni. Hapo bibi alinyanyuka kwenye mkeka! Na hakuniuliza suala hata moja, kwa sababu kila kitu alikuwa anakijua.

Halafu wanakuletea la John Cena. Miaka zaidi ya 20 mtu ni steringi, mwezi wa 3 mwaka 2025 kule Toronto anamkumbatia Cody Rhodes, bingwa wa wakati ule, kisha anampiga pabaya, dunia imesimama, The Rock yupo pale ndie alieleta shari yote ile. WrestleMania ikafika, The Rock hayupo. Cena kachukua mkanda wa 17, kawatukana washabiki miezi michache, mwezi wa 8 siku mbili kabla hajakutana na Cody kwa mara nyengine kesharudi kuwa mtu mwema, kama alieamka usingizini. Kwa nini aligeuka? Kwa nini alirudi? Kaulize upepo.

Watu wanasema zamani McMahon alikuwa akizichana karatasi za maandishi siku ile ile ya kipindi na kuandikisha upya, na ndo kweli mambo yalivyokuwa, na Raw, kipindi chao chengine, peke yake tokea 2012 ilikuwa saa tatu kila Jumatatu bila ya kupumzika mwaka mzima. Nafahamu, kazi nzito. Lakini tokea mwezi wa 7 mwaka 2022 uandishi kaushika Triple H, mpiganaji wao wa zamani, na la Cena ni la kwake, kwa hiyo tusimtupie kila kitu mzee.

Hata hivyo, na hapa ndo nachanganyikiwa, mwezi wa 12 mwaka 2024 wakafanya jambo. New Day wanatimiza miaka kumi, sherehe ulingoni, na Big E mwenzao alievunjika shingo 2022 anakuja kusema nitarudi niwe na nyinyi, hata kama sipigani nitakuwa pembeni yenu. Na Kofi, Kofi yule wa kucheka, uso umebadilika. Akamwambia wewe ulituacha. Wakamfukuza, mtu mwenye shingo mbovu. Nilikuwa nimekaa pekee, bibi siku hizi macho yanamsumbua na usiku hakai tena, na nikahisi mwili wote umenisisimka. Kumbe hasira anazo! Zilikuwemo! Nikasema mwenyewe kwa sauti, haya, nyota nne, nimewasamehe, nne na nusu.

Asubuhi nikamfuata bibi uani, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, nikamsimulia yote kuanzia mwanzo, sherehe, shingo, maneno aliyosema. Akakuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu. Akasema, "Aliemdhalilisha si yule jitu?" Nikasema ndie. "Sasa hasira anampelekea mgonjwa?" Nikajaribu kumweleza, bibi mtu akishindwa kumfikia aliemuumiza humuumiza alie karibu, na nikaona kabisa kwamba hiyo ingekuwa hadithi, tena nzuri sana, ingetaka sentensi moja tu, Kofi alitaje tu jina la Lesnar mara moja. Hawakuiandika. Hiyo nimeitia mie, pale uani, ili bibi asijilaze ubavu. Nyota zikarudi mbili.

Lesnar karudi mwezi wa 8 mwaka 2025. Nilipomuona tu nilimpigia kelele bibi chumbani kwake, akaitika, "Kijana wetu yupo?" Nikamwambia bado. Akasema nikimuona nimwamshe, saa yoyote ile. Basi jana nimekwenda kulipia tena, kwa wakala mwengine, wa mbali.