Sky: Children of the Light, mchezo unaobisha hodi

Nimefanya kazi ya zamu ya usiku katika Bandari ya Kilindini kwa miaka minne sasa, na aliyewahi kuishi kwa saa hizo anajua jinsi zinavyompishanisha mtu na watu wake. Wenzangu wa barazani kule Mji wa Kale huketi baada ya sala ya isha, kahawa chungu ikizunguka, wakati ambapo mimi nimeshaingia kazini. Nirudipo asubuhi, wao wametawanyika kutafuta riziki, nami hufungua mlango wa nyumba isiyo na wa kuniitikia salamu. Nayaeleza hayo kwa sababu mchezo ninaoutathmini hapa siwezi kuutenganisha na upweke ulionifikisha kwake.

Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea Sky kwenye simu, akaniambia, "Mjomba, huu hauna bunduki, ujaribu." Umetengenezwa na thatgamecompany ya Marekani, ulitoka mwaka 2019 kwa simu za iPhone na mwaka 2020 kwa simu za Android, na kuupakua ni bure. Mchezaji ni mtoto mwenye joho la kurukia, anayepita katika himaya saba juu ya mawingu akikusanya nuru na kuwasha mishumaa. Picha zake zinapendeza na muziki wake ni wa upole, lakini thamani yake hasa imo katika namna unavyowakutanisha watu.

Ukimkuta mgeni humo, huioni sura yake: ni kivuli cheusi tu mpaka mmoja wenu anyooshe mshumaa na mwenzake aupokee mwanga. Jina lake pia hulioni, bali wewe ndiye unayempa jina ulitakalo siku mnapokubaliana urafiki, na urafiki wenyewe hugharimu mshumaa ulioupata kwa kuuhangaikia. Kushikana mikono, kukumbatiana na hatimaye kuandikiana huja hatua kwa hatua, kwa mishumaa mingine, ingawa yapo mabenchi ambapo hata wageni wanaweza kuketi na kuzungumza. Sisi tuliolelewa kubisha hodi na kungoja kuitikiwa tutauelewa mpangilio huo upesi, na naamini ndio unaoupa mchezo huu adabu ambayo sikuikuta katika michezo ya kupigana niliyoonyeshwa awali, ambako matusi yalitangulia salamu.

Rafiki niliyempa jina Jirani nilikutana naye katika msitu wa mvua, mahali ambapo matone humaliza nguvu za joho, na wachezaji wakisogeleana nguvu hizo hurudi. Alikuja akasimama kando yangu, tukavuka pamoja, na kwa takriban wiki mbili tulikutana saa ileile bila kuandikiana hata neno moja. Tulipofungua mazungumzo ndipo nikajua kwamba yeye ni muuguzi nchini Uturuki, ambako saa ni sawa na zetu, naye hutoka zamu ya usiku wakati mmoja na mimi. Asubuhi moja nzima tulilinganisha kahawa yao na yetu, na sikumbuki mara ya mwisho niliyokuwa nimezungumza na mtu kwa muda mrefu kiasi hicho.

Dosari zipo. Mchezo huchukua zaidi ya gigabaiti moja, kwa hiyo ni heri kuupakua penye waifai kuliko kumaliza bando, na simu yenye uwezo mdogo huelemewa. Baadhi ya mavazi na mapambo huuzwa kwa pesa halisi, jambo ambalo mzazi hana budi kulifuatilia, pamoja na nani anayeandikiana na mwanawe. Maelekezo niliyasoma kwa Kiingereza, na ningefurahi mno kuyaona kwa Kiswahili.

Marafiki huonekana humo kama nyota, na ya yule aliyemo mchezoni wakati huo hung'aa. Nikishavua viatu na kuinjika chai, huitazama kwanza nyota ya Jirani, na nikiikuta imewaka humimina chai yangu nikaenda kuketi naye.