Siku 30 au bila kikomo: muda wa kuhifadhi vipimo katika InfluxDB
Kihisi cha kina cha maji kilichofungwa ufukweni mwa Ziwa Victoria, mjini Jinja, Uganda, kikituma kipimo kila sekunde 10, hutoa vipimo 8,640 kwa siku. Katika InfluxDB, hifadhidata ya vipimo vyenye saa yake, hifadhi yenye kikomo cha siku 30 hufuta vipimo vilivyozidi umri huo na hivyo hubaki nyepesi, lakini umri huhesabiwa kwa saa iliyoandikwa kwenye kipimo chenyewe, si siku kilipopokelewa; kwa hiyo ukipakia leo rekodi za mwaka jana, zitakataliwa. Hifadhi isiyo na kikomo huzipokea, ila gharama hupanda. Mimi ningeacha vipimo ghafi vifutwe baada ya siku 30 na kutunza daima wastani wa kila saa, yaani 24 tu kwa siku, kwani mafuriko ya Ziwa Victoria ya mwaka 2020 hayaeleweki bila kulinganishwa na miaka iliyotangulia.