BOINC kwenye kompyuta isiyo na intaneti, inawezekana ila jipange

Nimeweka BOINC, ile programu ya bure ya Berkeley inayowaazima wanasayansi nguvu za kompyuta yako, kwenye desktopu ya nyumbani ambayo haina mtandao kabisa, na kusema ukweli inapiga kazi fresh. Ikishapakua kazi haihitaji intaneti mpaka siku ya kurudisha majibu, kwa hiyo Jumamosi nawasha hotspoti ya simu dakika chache tu, inatuma, inachukua mzigo mpya, nazima. Muhimu kwenye mipangilio weka akiba ya kazi siku 7 hivi, ukiacha ilivyokuja mashine itakaa inapiga miayo. Mimi nipo kwenye mradi wa Einstein@Home, wanatafuta pulsa, zile nyota zinazozunguka kama pia, na kazi zao nyingi wanakupa kama siku 14 kurudisha. Kuna ujanja wa kubeba folda la data kwenye flashi ukatumie wifi ya jirani, nikaujaribu bila kuzima programu kwanza, kazi za wiki nzima zikaharibika, uzembe wangu huo. Halafu feni, weee, inanguruma kama mashine ya kusaga! Nimeshusha CPU hadi 60% maana Luku ilikuwa inaisha mbio. Nyota 4 kati ya 5.