Seti ya amplifaya ya valvu ya wati 5: miezi minne mezani kwangu

Kwa anayetaka jibu la haraka: nunua. Ila kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji umuulize transfoma ya umeme ni ya volti ngapi, na usitume hela mpaka akujibu kwa maandishi. Mimi sikuuliza, na miwili kati ya miezi hiyo minne ilikwenda hapo.

Seti yenyewe, ya vipande vya kuunda mwenyewe, ni nakala ya saketi ya Fender Champ, amplifaya ndogo ya gitaa ya miaka ya 1950, ile inayojulikana kwa namba 5F1. Leo Fender, mwenye jina hilo la Fender, alianza kama fundi redio. Duka lake la kutengeneza redio alilifungua Fullerton, California, mwaka 1938, na ukiitazama saketi hii unauona mkono wa fundi redio. Hakuna kilichozidi. Valvu, yaani mirija ya kioo ya zama za kabla ya transista, ni tatu tu: 12AX7 inayoikuza sauti ya gitaa kwa hatua mbili, 6V6 inayoisukuma spika, na 5Y3 inayogeuza umeme wa AC kuwa DC. Kitufe ni kimoja, cha voliumu. Ukitaka kuongeza besi au kupunguza ukali, unafanya hivyo kwenye gitaa, au kwa vidole vyako.

Napiga gitaa la rizimu, na mchana nafundisha fizikia kidato cha tatu hapa Dar es Salaam. Nilichokuwa natafuta ni ule utamu wa gitaa za dansi la zamani, ambapo noti inatoka laini lakini ina nyama, na ukikaza mkono inaanza kuuma kidogo pembeni. Amplifaya yangu ya transista haijawahi kunipa hilo hata siku moja. Inanipa sauti safi na kubwa, basi. Za valvu zilizokwisha kuundwa nikaziangalia bei, nikazifunga. Seti ya kuunda mwenyewe, bila kabati wala spika, ilikuwa dola 310.

Sanduku lilipofika nilikaa nalo jioni nzima bila kushika chombo chochote. Vitu vyote vimo kwenye vifuko vidogo vilivyoandikwa namba: chasisi iliyokwisha kutobolewa, ubao mweusi wenye pete ndogo za shaba, soketi, resista, kapasita, valvu za JJ kutoka Slovakia zilizoviringishwa vizuri. Waya ni ule wa kufunikwa kitambaa. Huuchuni, unausukuma tu kitambaa nyuma kwa kucha, unaunga, kisha kitambaa kinarudi chenyewe mpaka karibu na risasi. Nimeunga waya wa plastiki miaka mingi na sitaki kuurudia. Resista moja ya 68K (omu 68,000) haikuwemo, lakini hilo si neno, Kariakoo niliipata kwa bei ya andazi.

Halafu nikageuza transfoma ya umeme nikasoma kibandiko: volti 120, hezi 60. Kwenye ukurasa wa kuagizia nilikuwa nimeandika nchi yangu wazi kabisa. Transfoma ile kwenye volti 230 zetu isingemaliza dakika moja. Niliandika barua pepe nne. Walikubali kubadilisha, na nawashukuru kwa hilo, lakini gharama ya kusafirisha ile ya pili, dola 48, walinitwisha mimi, na kosa halikuwa langu. Iliyokuja baadaye ina nyaya za 100, 120, 220, 230 na 240, kila moja na rangi yake. Hiyo ndiyo ya kuagiza tangu mwanzo, uwe Dar, Mombasa au Kigali. Sijui kwa nini hawaiweki ndani ya kila seti.

Wakati nasubiri ndipo nilipomwendea Mjomba. Mjomba alitengeneza redio za valvu Tanga miaka mingi, kabla transista hazijamaliza kazi ile. Nilimwamkia, nikamwekea sanduku mbele yake. Alitoa 6V6, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza taratibu akitazama ile rangi ya fedha juu ya kioo. "Hewa haijaingia," alisema. "Ikiingia, hapa panakuwa peupe kama maziwa." Kisha akaniambia sharti lake kabla ya mengine yote: "Mjomba, ukipima humu ndani umeme ukiwa umewashwa, mkono mmoja uko kwenye testa na wa pili uko mfukoni. Nisiuone."

Sharti hilo lina maana. Ndani ya chasisi hii kuna zaidi ya volti 300 za DC. Ukishika waya kwa mkono mmoja na chasisi kwa mkono wa pili, njia ya umeme inapita kifuani. Na hata ukizima na kuchomoa plagi, kapasita za mchujo, zile zinazolainisha umeme wa DC, zinaweza kubaki zimeshiba umeme. Mjomba alitengeneza kijiti chake: resista ya 10K ya wati 5, upande mmoja kibanio cha kushika chasisi, upande mwingine ncha iliyofungwa mpira. Kila tulipozima aligusa kapasita kwa kijiti kile na kusubiri mpaka testa isome chini ya volti 5. Kitabu cha seti kina sentensi mbili tu kuhusu jambo hili, tena ukurasa wa mwisho. Kwa mtu anayeunda amplifaya ya valvu kwa mara ya kwanza, hazitoshi. Ningependa ziwe ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Kuunga kwenyewe kulichukua Jumamosi tano. Sina mengi ya kusema hapo, picha ya kitabu ni nzuri mno na rangi zinaonekana. Nyaya za kupasha valvu moto, zile za volti 6.3, zisokote kwa kubana na uzipitishe pembeni mwa chasisi mbali na nyaya za gitaa. Zangu nilizisokota mara mbili, za kwanza nikazing'oa kwa sababu zilikuwa zimelegea, na sasa amplifaya haivumi.

Siku ya kuwasha tulifunga taa ya zamani ya wati 60, ile ya uzi, mfululizo na waya wa umeme. Kukiwa na shoti ndani, taa inawaka kwa nguvu na amplifaya inapona. Yetu iliwaka, ikafifia, ikabaki nyekundu kidogo. Valvu zikaanza kupata rangi ya chungwa chini. Nikahesabu kumi. Na hapo spika ikapiga yowe.

Si mvumo, ni yowe lenyewe, kama filimbi ya mwamuzi iliyobanwa mdomoni. Nilizima haraka. Mjomba hakushtuka. Aliniambia niwashe tena, akaweka vidole kwenye kitufe cha voliumu, akakizungusha mpaka sifuri, akakirudisha mpaka 12, akakishusha tena. Yowe halikubadilika hata chembe. Akazima.

"Kelele haiisikii voliumu," alisema. "Basi inazaliwa baada ya voliumu."

Nimeandika ubaoni mambo ya saketi kwa miaka 11 na sikuwahi kusikia mtu akifikiri kwa sikio namna ile. Kwenye 5F1 kuna resista moja ya 22K, yenye michirizi ya rangi nyekundu, nyekundu na chungwa, inayochukua sehemu ndogo ya sauti kutoka kwenye spika na kuirudisha nyuma, kwenye kathodi (mguu unaotoa elektroni) ya nusu ya pili ya 12AX7. Ikirudi kinyume inaituliza amplifaya. Ikirudi sambamba, inajilisha yenyewe na kupiga kelele. Tulimaliza umeme wa kapasita, nikainua mguu mmoja wa resista ile, tukawasha. Kimya. Kwa hiyo nyaya za transfoma ya sauti, ile iliyo kati ya 6V6 na spika, zilikuwa zimepishana. Nilibadilishana waya mweusi na wa kijani upande wa spika, nikarudisha mguu wa resista mahali pake, na yowe halijarudi mpaka leo. Kazi ya dakika kumi. Kitabu hakisemi neno lolote juu yake, ilhali ni kosa ambalo mjenzi yeyote wa saketi hii anaweza kukutana nalo, maana ni suala la nyaya mbili tu. Kwa hili nawakata alama nyingi kuliko kwa ile resista iliyokosekana.

Vipimo baada ya hapo, umeme wa ukutani ukiwa 229: anodi ya 6V6 volti 331, kathodi yake 18.6. Gawanya 18.6 kwa resista ya omu 470 iliyo kwenye kathodi unapata kama miliampia 40, na ukipiga hesabu ya wati unaikuta valvu iko karibu na 12, ambao ndio mpaka wa 6V6 za asili. Inafanya kazi kwa bidii lakini haiungui. Siku umeme wa mtaa ukishuka, sauti inakuwa laini zaidi na inakwaruza mapema. Siku hizo naipenda, ila bado nimeiwekea stabilaiza.

Kabati nilimpelekea seremala Keko, mbao za paini za Mafinga, shilingi 90,000, pembe zimeshonwa kwa vidole bila misumari. Champ za zamani nazo zilikuwa za paini. Spika ni Jensen ya inchi 8, omu 4. Usijaribu kuweka spika ya gari. Nilijaribu siku moja wakati nasubiri, na gitaa lilisikika kama liko ndani ya ndoo.

Sasa sauti. Mpaka 4 ni safi, na kila kidole kinasikika peke yake. Kati ya 5 na 7 ndipo ninapokaa: nikipiga kwa upole ni safi, nikikaza inauma, na nikishusha voliumu ya gitaa inarudi kuwa safi bila kugusa kitu kingine. Siku ya kwanza nilipiga mpigo mmoja wa rizimu, tena na tena, karibu saa nzima, mke wangu akaja akakaa mlangoni bila kusema kitu. Kuanzia 9 inachafuka yote, na besi inakuwa kama matope. Wengine wanaitafuta hiyo, mimi hapana.

Msidanganyike na wati 5, chumbani ni kubwa kabisa na majirani watakuja. Jukwaani penye ngoma haitoshi, lazima uiwekee maiki. Kwa mazoezi na kurekodi sihitaji nyingine. Jumla yote, pamoja na usafiri, forodha, spika na kabati, ilinifikia kama milioni 1.4.

Jumamosi iliyopita Mjomba alikuja na redio yake ya valvu, iliyofungwa kwenye kitenge, akaiweka pale pale mezani. Tumeifungua. Kapasita za mchujo zimekauka zote mbili, na kijiti cha 10K kiko tayari pembeni.