Uzoefu wangu katika makumbusho ya sanaa ya Detroit

Mgeni anayefika Detroit Institute of Arts, makumbusho makuu ya sanaa ya jiji la Detroit nchini Marekani, hukata tiketi, ilhali wakazi wa kaunti tatu za Wayne, Oakland na Macomb huingia bure. Nililipa bila kinyongo, kwa kuwa wakazi hao nao hulipa kwa njia yao: mwaka 2012 walipiga kura kukubali kodi maalumu ya mali, takriban dola 20 kwa mwaka kwa kila dola 100,000 za thamani inayotozwa, na mwaka 2020 wakakubali kuiongezea muda.

Nilianzia ukumbi wa Diego Rivera, na ningemshauri kila mgeni afanye hivyo kabla miguu haijachoka. Kati ya mwaka 1932 na 1933, msanii huyo wa Meksiko alichora hapo, juu ya plasta mbichi, paneli 27 zinazozunguka kuta nne, akitumia kiwanda cha magari cha Ford kilichoko mto Rouge kama kielelezo chake. Gharama zilibebwa na Edsel Ford, bosi wa kampuni hiyohiyo, jambo linalonichekesha kidogo nikikumbuka kwamba mchoraji alikuwa mkomunisti asiyejificha. Katika ukuta wa kaskazini wafanyakazi wanaunda injini, miili yao ikiinama na kuvutana kwa mdundo mmoja, na juu yao, upande wa kulia, kuna mtoto anayechanjwa, picha iliyowakasirisha baadhi ya waumini kwa kuwa iliwakumbusha familia takatifu. Nilikaa pale kuliko mahali pengine popote, nikimsikiliza mzee mmoja akiwaonyesha wajukuu zake mashine aliyowahi kuifanyia kazi.

Mzee yule alinifanya nilielewe vizuri zaidi sakata la mwaka 2013, jiji lilipofilisika na baadhi ya wadai wakataka kazi za sanaa ziuzwe. Kampuni ya mnada ya Christie's ilizithamini zile zilizonunuliwa kwa fedha za jiji kuwa kati ya dola milioni 454 na milioni 867. Suluhu iliyofikiwa mwaka 2014 ilikusanya zaidi ya dola milioni 800 kutoka kwa wakfu mbalimbali, jimbo la Michigan na wafadhili wa makumbusho. Fedha hizo zikaelekezwa kwenye pensheni za watumishi wa jiji, na umiliki wa kazi hizo ukahamishiwa kwa shirika lisilo la faida linaloendesha makumbusho. Kwa maoni yangu, kumtetea mstaafu na mchoro katika mkataba mmoja ni hoja nzito kuliko hotuba yoyote kuhusu umuhimu wa sanaa kwa jamii.

Maelezo yaliyobandikwa kando ya kazi ni mafupi na hayamtaki msomaji awe na shahada. Picha ambayo Vincent van Gogh alijichora mwenyewe, iliyonunuliwa mwaka 1922, ni ndogo kuliko nilivyotarajia, lakini inastahili foleni yake. Asiyeweza kufika naye hakusahaulika kabisa, kwani mwaka 2010 ulianzishwa mpango wa kutundika nakala za michoro mitaani na kwenye bustani za miji ya jirani. Ninapendekeza makumbusho haya kwa yeyote, isipokuwa mtu anayetaka kuyamaliza kwa siku moja: hazina yake ina kazi zaidi ya 65,000, na mwenye haraka atatoka na kizunguzungu tu.