Miezi minane ndani ya biashara ya mtandao: uzoefu wangu, Busia

Naandika kwa sababu kila wiki watu wa biashara hii, ile ya kuuza bidhaa huku ukilipwa kwa kuleta wengine chini yako, wanaendelea kusajili watu hapa mpakani, upande wa Uganda, na wanaoitwa wengi ni wanawake wa sokoni kama mimi. Jina la kampuni silitaji. Ukiniuliza kama ujiunge, nasema usijiunge.

Aliyeniita ni shemeji yangu. "Shemeji, kuna nafasi nzuri, twende Kampala Jumamosi, uvae vizuri." Nafasi ya nini, hakusema. Ukumbini watu wanapiga makofi, kijana mwenye suti anaonyesha picha za gari. Bidhaa zenyewe, chai ya kusafisha tumbo, vidonge na dawa ya meno, zilipewa dakika kumi. Saa mbili zilizobaki ilikuwa ni kuchora: wewe juu, chini yako watu sita, chini ya kila mmoja sita wengine.

Nikatoa shilingi 750,000, pesa niliyokuwa nimeiwekea beli la mitumba.

Pakiti ya chai niliipata kwa 65,000, bei ya mwanachama. Sasa nani sokoni Busia atainunua kwa 80,000? Walionunua ni sisi wenyewe, kwa sababu usipofikisha pointi za mwezi, zinazopatikana kwa kununua bidhaa, kamisheni ya watu wako hupati. Basi kila mwisho wa mwezi nilinunua ili nisipoteze, na mzigo ukajaa chini ya kitanda.

Nilipouliza, kiongozi wetu alinionyesha cheti cha usajili. Cheti kinathibitisha tu kwamba kampuni imeandikishwa. Hakisemi pesa yake inatoka wapi. Na hilo la pesa ndilo swali. Marekani, kesi ya Amway, kampuni kubwa ya biashara ya namna hii, ilipoamuliwa mwaka 1979, ilionekana si upatu, yaani si mchezo wa kuwalipa waliotangulia kwa pesa ya wanaoingia, na sababu mojawapo ni kanuni zake: msambazaji alitakiwa kuuza kwa wateja kumi kila mwezi ndipo apate bonasi yake. Wateja kumi, kila mwezi! Mimi kwa miezi minane nilipata wawili. Katika timu yetu hakuna aliyewahi kuulizwa habari za wateja. Tuliulizwa umeleta nani.

Mwaka 2017 Benki Kuu ya Uganda ilitutahadharisha kuhusu OneCoin, iliyojiita sarafu ya kidijitali na iliyokuwa ikisambazwa kwa mtindo huu huu wa kuleta watu. Nilikumbuka onyo lile, lakini nikajiambia ile haikuwa na bidhaa ya kushika mkononi, hii ina chai. Chai ndiyo iliyonituliza.

Mwanangu alipiga hesabu kwenye daftari lake la shule. Kila mtu akileta sita, ngazi ya kumi peke yake inataka watu 60,466,176. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 Uganda nzima, na watoto wachanga wamo. Nililiangalia lile daftari usiku kucha, maana tayari nilikuwa nimewaingiza wenzangu wawili wa kikundi chetu cha akiba. Mmoja alikopa kikundini kwa neno langu mimi.

Huyo namlipa 50,000 kila mwezi, imebaki miezi mitatu. Mwenzake nilimfuata nyumbani mara mbili na pesa mkononi, akakataa kuipokea. Tangu Februari hajaja kikundini.