Mafunzo ya modeli za kompyuta za mwendo wa mafuta chini ya ardhi, Malindi: nimelipa, nimesoma, nimerudi na hasira

Nyota mbili. Nilikusudia kutoa moja, nikamkumbuka yule dada msaidizi, nikatia ya pili kwa ajili yake. Huenda kabla sijamaliza kuandika nikaibadilisha tena, nivumilieni. Kampuni siitaji jina, sitaki kesi na mtu. Tuliokaa pamoja darasani tunajuana.

Ada, ratiba na orodha ya mada mtazikuta kwenye tangazo lao, sina haja ya kuzirudia. Hoteli ilikuwa upande wa Casuarina, nzuri, bahari iko pale pale. Chakula hakina lawama. Mahamri yalikuja moto na mbaazi zilikuwa na tui la maana, kwa hivyo mtu asije akasema nimekasirika kwa njaa. Kutoka Lamu hadi pale ni mashua mpaka Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, vizuizi vya askari njia nzima, nawe unaifahamu safari hiyo au huifahamu. Niliifunga kwa hamu. Nataka hilo lieleweke: sikwenda kutafuta makosa.

Nilikwenda kwa sababu moja. Tangu mafuta yapatikane kwenye kisima cha Ngamia-1 kule Turkana mwaka 2012, sisi watu wa Amu, yaani Lamu, tumekuwa tukiambiwa kwamba mafuta ya Lokichar Kusini yatakuja kwetu kwa bomba. Zaidi ya kilomita 800, tena bomba la kupashwa moto, maana mafuta yale yana nta nyingi na yakipoa yanaganda. Mwaka huo huo wa 2012 marais walikuja wakaweka jiwe la msingi la bandari, gati ya kwanza ikafunguliwa 2021, na bomba bado ni maneno. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari hiyo hiyo. Mtu wa Lamu akisikia neno mradi, huuliza hesabu yake imetoka wapi.

Na hesabu ya mafuta hutoka kwenye modeli. Wanajiolojia kwanza huchora mwamba ulivyokaa: tabaka, mipasuko, mchanga uko wapi na udongo wa mfinyanzi uko wapi. Hiyo ni modeli tuli. Kisha mhandisi huikata gridi, seli maelfu kwa maelfu, kila seli na upenyezaji wake, yaani wepesi wa mwamba kupitisha mafuta na maji, presha yake, mafuta yake na maji yake, akatia visima, akaiambia kompyuta ikokotoe nini kinahamia wapi mwaka hadi mwaka. Kanuni ya chini kabisa ni ile ya mhandisi Mfaransa Darcy ya 1856, aliyoipata kwa kupitisha maji kwenye mchanga kule Dijon. Mwishoni unapata mstari mmoja: mapipa kwa siku, kwa miaka ishirini na kitu ijayo. Upana wa bomba, idadi ya matangi, ukubwa wa meli, vyote hukatwa kwa kufuata mstari huo. Modeli ikidanganya Turkana, matangi matupu yatajengwa Lamu.

Sasa twende kwa Injinia.

Mkufunzi mkuu alitaka aitwe Injinia, na sisi tukamwita Injinia. Siku za mwanzo alikuwa sawa. Ana mdomo, anachekesha, na gridi anaijua. Sehemu ya kuunganisha seli ndogo kuwa kubwa bila kupoteza njia za mchanga aliifundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa chuoni, na hilo nampa. Mzee mmoja mstaafu wa visima vya maji, aliyekaa meza ya mbele na kofia yake ya kiua, alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika kila dakika kumi.

Mambo yaliharibika tulipofika kulinganisha modeli na historia, yaani kuirekebisha mpaka itoe yale yale yaliyokwisha kupimwa kisimani. Tulipewa uwanja wa mafuta wa kubuni, wa zoezi, wenye kisima kilichotoa mafuta kwa miezi kadhaa. Nukta za presha iliyopimwa chini ya kisima zilikuwa kwenye grafu, na mstari wa modeli yetu ulikuwa umeporomoka chini kabisa. Yaani modeli ilikiona kisima kimebana sana, kikitoa mafuta yale presha inaanguka, ilhali kisima chenyewe hakikujali.

Injinia akasema hiyo ni kazi ya dakika mbili. Akachora kisanduku kwenye gridi kuzunguka kisima, akaandika PERMX, yaani upenyezaji, zidisha kwa 10, akaendesha. Mstari ukapanda ukapita katikati ya nukta zote. Akageuka akafungua mikono kama aliyemaliza mazingaombwe, na darasa likapiga makofi. Hata mie nilipiga, kwa mazoea.

Lakini mbele yangu palikuwa na kabrasha walilotugawia wao wenyewe. Kwenye kabrasha kuna vipimo vya vipande vya mwamba, na upenyezaji ni kama milidarsi 150, milidarsi ndicho kipimo chake. Baada ya kile kizidishi modeli ina 1,500. Kurasa mbili mbele kuna ripoti ya kukamilisha kisima, na inasema bomba la kisima limetobolewa matundu ya kuingizia mafuta kwenye tabaka nane. Nikafungua faili ya modeli, sehemu ya COMPDAT, inayoiambia kompyuta kisima kimefunguliwa kwenye tabaka zipi, nikakuta zimefunguliwa tabaka mbili tu za juu. Mbili! Sita zimesahauliwa, na ndani ya hizo sita mna mchanga bora kuliko wote. Kisima hakikuwa kimebana. Sisi ndio tuliokifunga.

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa na adabu zangu zote. Nikamwambia, "Injinia, samahani, ripoti inasema matundu yako tabaka nane, na faili yetu imefungua mbili. Si tuzifungue kwanza, halafu tuone kama kizidishi bado kinahitajika?"

Akaniuliza, "Dada, mstari umepita kwenye nukta ama haujapita?"

"Umepita, Injinia, lakini…"

"Basi keti."

Watu wakacheka. Ningekubali hapo ndipo paishie. Wakufunzi wenye kiburi si wageni kwangu. Lakini aliona kicheko kimemkolea, akaongeza: "Nyinyi watu wa Lamu maswali mengi. Ndiyo maana bandari yenu haiishi."

Mnaosoma hapa mko Malindi, mko Mombasa, mko Nairobi, hamwezi kujua neno lile lilivyoingia. Mtu ametoka kwao na pesa yake, ameuliza swali la kurasa zenu wenyewe, mnamjibu kwa kwao. Nilikaa. Nilikaa nikawa siandiki chochote. Yule mzee wa kofia aligeuka akaniangalia, kisha akainama kwenye kabrasha lake akaanza kuhesabu matundu kwa kidole, na kila alipohesabu alipata nane.

Kwa asiye wa fani, niseme kwa nini hili si ubishi wa watoto. Kuzidisha upenyezaji ili mstari ukae ni sawa na fundi wa dau kupaka rangi juu ya ufa usiotiwa kalafati: nchi kavu dau linapendeza. Historia fupi ya kisima inaweza kulinganishwa kwa njia nyingi mno, na kila njia ina utabiri wake. Nukta za nyuma hazikuambii ipi ni ya kweli, kinachokuambia ni mwamba, ripoti ya kisima, na vipimo vya presha baada ya kisima kufungwa. Kizidishi si haramu. Nami nitakitumia siku moja. Lakini kila kizidishi kinadai sababu ya kijiolojia, na ile ya Injinia ilikuwa uvivu wa kusoma ukurasa.

Na sasa dada msaidizi. Yeye ni binti wa Lodwar, mpole, kazi yake ilikuwa kugawa karatasi na kuhangaika na projekta. Mchana ule intaneti ya hoteli ilikatika, na programu yao ya gharama kubwa, ambayo leseni yake huulizwa kwa mbali, ikakataa kufunguka kwenye kila kompyuta. Injinia akatoka kupiga simu. Darasa zima likawa linacheza na simu. Binti akavuta kiti akakaa kando yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, lile swali lako. Hebu tulijaribu sasa."

Akafungua laptopu yake mwenyewe. Alikuwa na OPM Flow, ambayo ni programu huria ya kuendesha modeli hizi, haidai leseni ya kulipia, na inasoma faili za mtindo ule ule tuliokuwa tukiuandika. Kwanza akanionyesha lile zoezi la Odeh la 1981, linalotumika kujaribia programu za aina hii, gridi ya seli 10 kwa 10 kwa 3, seli 300 tu, likaisha kabla sijavuta pumzi. Alitaka nione kwamba chombo kinafanya kazi. Kisha akachukua faili ya darasa, akatoa kizidishi, akafungua tabaka zote nane kama ripoti inavyosema, akaendesha. Mstari ukapita kwenye nukta. Ule ule. Ukiziweka grafu mbili pamoja huwezi kutofautisha ya Injinia na ya binti.

Halafu akafanya jambo ambalo Injinia hakulifanya: akaziacha zote mbili ziendelee mbele, kwenye miaka ya utabiri, huku maji yakiingizwa kwenye kisima jirani ili kusukuma mafuta. Kwenye modeli ya kizidishi maji yalipita mbio kwenye zile tabaka mbili za juu, yakafika kisima cha mafuta mwaka wa nne. Kwenye modeli yake yaligawanyika tabaka nane, yakafika mwaka wa tisa. Historia moja, miaka mitano ya tofauti. Nilishika mdomo. Mzee wa kofia alikuwa amesimama nyuma yetu, hatukumsikia alipokuja, akasema, "Haya, hili ndilo nililolipia."

Tukakaa hapo mpaka kahawa ikapoa. Binti akanieleza habari ya nta, ambayo kwenye ratiba yao haimo kabisa, na hiyo peke yake ni aibu kwa kozi inayojinadi kwa jina la Turkana. Modeli ya kawaida ya mafuta, maji na gesi huchukulia kwamba joto chini halibadiliki. Sasa mpango wa Lokichar ulikuwa maji ya kuingiza yaletwe kutoka bwawa la Turkwel. Yakishuka baridi kwenye mwamba wenye mafuta ya nta, nta inaweza kuganda kwenye vinyweleo karibu na kisima, na maji yakaanza kukataa kuingia. Modeli isiyojua joto haitakuonya. Itakupa mstari mzuri tu. Alinieleza pia kwamba kampuni ya Norwe, Equinor, iliweka wazi data za uwanja wa mafuta wa Volve mwaka 2018, na za Norne, uwanja mwingine wa huko, pia zipo, kwa hivyo mtu wa kwetu asiye na shilingi anaweza kujifunza kwa uwanja wa kweli. Nimeshaanza Norne. Ni ngumu, na ni tamu.

Ningewapa nyota nne kwa saa ile moja. Wallahi ningewapa.

Intaneti ikarudi. Mzee, kwa ule ukubwa wake, akamwomba Injinia kwa heshima zote awaonyeshe wenzetu zile modeli mbili. Injinia akaja mezani, akaangalia skrini kwa muda wa kutosha kuelewa, maana nasema tena mtu yule si mjinga. Akauliza, "Nani amekuruhusu kutumia programu ya bure kwenye mafunzo yangu?" Akafunga laptopu ya binti kwa mkono wake mwenyewe. Akarudi mbele, tukaendelea na mada inayofuata, kile kizidishi kikiwa bado ndani ya faili. Binti alirudi kwenye karatasi zake.

Basi moja. Toeni ile ya pili.

Lakini hapana, nikiwapa moja nitakuwa nimemwadhibu na yeye, na najua hizi nyota huwa zinaangukia kwa walio chini. Acheni mbili. Mkitaka kwenda, na msije mkasema nimewazuia, ulizeni kwanza kama binti wa Lodwar bado yuko na kama atapewa hata nusu siku ya kufundisha. Akiwa yupo, nendeni, kaeni meza yake. Akiwa ameondoka, na sitashangaa akiondoka, pesa hiyo nunueni laptopu yenye kumbukumbu ya kutosha, pakueni OPM Flow, mjifungie chumbani na Norne.

Cheti wamenipa, kina mhuri wa dhahabu. Faili za zoezi walizoahidi kututumia hazijaja mpaka leo. Niliwapigia, dada wa mapokezi akaniambia Injinia yuko safarini, nijaribu wiki ijayo. Wiki hiyo imepita, nikapiga tena, nikaambiwa zimeshatumwa kwa wote. Mzee wa kofia naye hajapata. Nimemwambia asihangaike, zile mbili za binti ninazo kwenye flashi, na moja ina tabaka zote nane.